Lipu ya Saruji na Hadithi ya Udongo wa Santa Fe

Kila msimu wa utalii nasoma maelezo yale yale: kwamba Santa Fe, mji mkuu wa jimbo la New Mexico nchini Marekani, umezihifadhi nyumba zake za udongo tangu Wahispania walipouanzisha mnamo 1610. Mimi ni mhifadhi wa majengo ya udongo, na dai hilo limenichosha.

Majengo ya kale yapo, Kasri la Magavana, makao ya zamani ya watawala wa Kihispania, likiwa mojawapo. Lakini katika karne ya 19 wenye uwezo walipendelea matofali ya kuchoma na mawe. Kanisa kuu la Mtakatifu Fransisko, lililoanza kujengwa 1869, ni la mawe, kwa mtindo wa Kiromaneski, wenye matao ya mviringo, kutoka Ufaransa. Reli kuu ilipoupita mji kando mwaka 1880, biashara ilidorora, na mwaka 1912 viongozi wakaandaa mpango wa kuurudishia sura ya kale ya nyumba za udongo ili uvutie wageni. Kibaraza cha Kasri ambacho watalii hukipiga picha kilijengwa 1913, baada ya kuvunjwa kile cha Kivictoria, yaani cha mtindo wa karne ya 19. Sheria ya 1957 ikalazimisha mtindo huo katika eneo la kihistoria.

Linaloniudhi zaidi ni lipu. Nyumba nyingi mpya zina fremu za mbao au matofali ya saruji, zikapigwa lipu ya saruji yenye rangi ya udongo, nazo hazidhuriki. Madhara huja mwenye nyumba anapoamini kuwa lipu hiyo ndiyo ya asili, akaipiga kwenye ukuta wa matofali mabichi. Udongo hufyonza unyevu wa ardhini na kuutoa hewani. Saruji huufungia ndani, matofali ya chini hulainika nyuma ya uso unaoonekana mzima, na ufa unapojitokeza, sehemu ya ukuta imekwisha kuwa tope. Lipu ya udongo humomonyoka kwa mvua na hupaswa kupigwa upya mara kwa mara, kazi ambayo kwa desturi ilifanywa na wanawake kwa mikono yao. Kumomonyoka huko ndiko kunakoulinda ukuta, kwa kuwa kinacholika ni lipu na tofali hubaki salama.

Hata hivyo, nasita kuuita mtindo wa 1912 uongo, kwa sababu sasa umepita miaka mia moja na umekuwa historia kwa haki yake. Nyumba ya fremu za mbao ya miaka ya 1920 nitaihifadhi ilivyo, saruji yake ikiwemo. Ninachokataa ni kuibandikia kibao kinachosema ni ya Wahispania wa kwanza.