Maana ya tafakari: neno hutumwa, kutafakari hakutumwi

Juzi kabla ya saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshatumiwa "tafakari ya leo" nne. Ya kwanza ilikuwa mstari mmoja wa Biblia juu ya picha ya machweo. Ya pili, mahubiri ya sauti ya dakika kumi na nane. Ya tatu ilikuwa salamu ya siku ya kuzaliwa iliyofungwa kwa aya ya Zaburi. Ya nne ilikuwa maelezo mazuri sana ya Injili ya siku, yaliyoandikwa na mtu anayejua anachokisema. Nikaisoma yote, nikajibu "Amina, ubarikiwe", nikaweka simu chini, nikaenda kuoga. Saa nne mwenzangu kazini akaniuliza, "Umeshafanya tafakari?" Nikasema ndiyo. Nilipokaa kwenye kiti moyo ukanisuta, maana sikuwa nimetafakari kitu chochote. Nilikuwa nimesoma tu.

Basi maana yenyewe tuiseme upesi. Kutafakari, kwa Mkristo, ni kulichukua neno la Maandiko, kulirudia polepole mbele za Mungu, na kukaa nalo mpaka liguse jambo halisi la siku yako. Wengi mlifundishwa hivyo tangu kipaimara. Kinachonikera ni kwamba neno hili limehama mahali pake, na lilipohama likatuachia uvivu fulani ambao hatuuoni.

Tuanze na asili. Tafakari ni neno la Kiarabu kwa kuzaliwa. Mzizi wake ni f, k na r, huo huo uliotupa fikra, fikira na fikiri. Niliwahi kumsikia mtu kwenye semina akilipasua, "tafuta fikra", watu wakaandika kwenye madaftari. Nia yake ilikuwa njema, lakini sivyo lilivyoundwa. Ile ta- ya mwanzo ni ya Kiarabu, na katika kitenzi tafakkara inakwenda pamoja na k iliyokazwa. Vitenzi vya umbo hilo mara nyingi humwonyesha mtu anayejifanyia kitendo mwenyewe, kwa bidii na kidogo kidogo. Yaani ukitafakari, mtendaji ni wewe na anayetendewa ni wewe. Jina la kitendo hicho kwa Kiarabu ni tafakkur, na Kiswahili kilivipokea vyote viwili: tafakari kikawa kitenzi, tafakuri ikawa nomino. Ni kama taamali na taamuli.

Siku hizi tafakuri imebaki kwa washairi na watu wa magazeti, na tafakari imevaa kofia zote mbili. Kwa hilo peke yake sina ugomvi na mtu. Lugha ni ya wanaoisema. Ugomvi wangu ni kwamba nomino imekimeza kitenzi. Tafakari imekuwa kitu. Ina mwandishi, ina tarehe, inatumwa, inasambazwa, inafutwa simu ikijaa. Na kitu kikishakuwa na mtengenezaji, wewe unabaki mpokeaji. Angalia Zaburi 119:97 katika Biblia ya Union ya mwaka 1952: "Sheria yako naipenda mno ajabu, ndiyo kutafakari kwangu mchana kutwa." Watafsiri wale wangeweza kuandika "tafakari yangu". Wameandika kutafakari kwangu, ile ku- ya kitendo ikiwa mahali pake, kama mtu anavyosema kula kwangu au kutembea kwangu. Hakuna anayeweza kukutumia kutembea kwake.

Nyuma ya Kiswahili chetu kuna Kiebrania, na hapo ndipo jambo linanoga. Zaburi ya 1 inasema mtu mwenye heri sheria ya Bwana "huitafakari mchana na usiku". Kitenzi cha Kiebrania hapo ni haga, na haga ni neno la mdomo kabla ya kuwa neno la kichwa. Maana yake ni kunong'ona, kuguna, kutoa sauti ya chini chini. Isaya analitumia hilo hilo katika sura ya 31 kwa simba angurumaye juu ya windo lake, na katika sura ya 38 Hezekia, akikumbuka ugonjwa wake, analitumia kwa sauti ya hua anayelia. Fikiria simba aliyekwisha kukamata mnyama: amemlalia, hana haraka, anaguna, na hakuna wa kumwondoa pale. Ndiyo picha iliyo ndani ya Zaburi ya 1.

Ukishajua hivyo, Yoshua 1:8 inasomeka upya. "Kitabu hiki cha torati kisiondoke kinywani mwako, bali yatafakari maneno yake mchana na usiku." Kwa miaka mingi niliiona sentensi hii kama ina amri mbili, moja ya kinywa na moja ya akili. Ni amri moja. Zamani watu mara nyingi walisoma kwa sauti hata wakiwa peke yao; katika Matendo 8 Filipo anamsikia yule Mwethiopia akisoma Isaya ndani ya gari lake, wala hakuhitaji kuchungulia. Neno lilipita mdomoni, likasikiwa na masikio ya msomaji mwenyewe, likarudi tena. Kutafakari kulikuwa kurudia.

Na kitenzi hiki hakina utakatifu wa kuzaliwa nao. Zaburi ya 2, ukurasa ule ule, inauliza kwa nini makabila "wanatafakari ubatili", na kwa Kiebrania ni haga ile ile. Mtu anayelala na maneno aliyotukanwa mchana, akiyarudia mpaka saa nane usiku, anajua kutafakari vizuri kabisa. Tumbo lipo. Kilichoingia ndicho kingine.

Nimesema tumbo kwa sababu wamonaki wa kale, walipotafuta picha ya kazi hii, walimchukua mnyama anayecheua. Sisi neno hilo tunalo, tena zuri. Mambo ya Walawi sura ya 11 inasema wanyama safi ni wale wenye kwato zilizopasuliwa na wenye kucheua. Ng'ombe hula haraka haraka malishoni, kisha hulala kivulini, na kile alichokimeza kikarudi kinywani, akakitafuna upya, macho yamefumba nusu. Guigo wa Pili, mkuu wa monasteri ya Wakartusi katika milima ya Ufaransa katika karne ya 12, aliipanga sala ya Maandiko kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutazama kwa moyo uliotulia. Kusoma, alisema, kunaweka chakula kigumu mdomoni. Kutafakari kunakitafuna na kukivunjavunja. Papa Benedikto XVI alivirudia vidato hivyo katika Wosia wa Kitume Verbum Domini wa mwaka 2010, akaongeza kwamba safari hiyo haijaisha mpaka ifike kwenye matendo.

Niseme hapa pia, kwa kuwa nimeulizwa zaidi ya mara moja: wapo Wakristo wanaoliogopa neno kutafakari, wakidhani ni kukaa kimya na kuondoa kila wazo kichwani. Anayecheua ana kitu mdomoni.

Mtu aliyenifundisha jambo hili si msomi. Ni mama mmoja wa jumuiya yetu anayekaanga samaki na kuuza jioni barazani kwake. Alhamisi ya juma la 22 la mwaka Injili ni Luka 5, Yesu akipanda chomboni mwa Simoni. Tuliisoma kwenye jumuiya, kila mmoja akasema lake. Wengi tulisema juu ya wingi wa samaki, na mmoja akasema juu ya baraka za kiuchumi. Mama yule hakusema neno. Jumatatu iliyofuata nilipita kwake kununua samaki, nikamkuta amekaa kwenye kigoda anapara magamba, kisu kikienda mkiani kuja kichwani, magamba yamemrukia hadi kwenye kanga. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anasali rozari.

"Shikamoo, mama. Naona uko kwenye sala."

"Marahaba, mwanangu. Niko kwenye nyavu."

"Nyavu zipi?"

"Za kina Petro. Si walikuwa wameshaziosha?"

Nilikuwa nimeisoma Injili ile mara nyingi mno, na neno hilo sikuwahi kuliona. Lipo mstari wa 2: wavuvi wametoka chomboni, wanaosha nyavu zao. Mama akaendelea, kisu hakijasimama. "Mtu akishaosha nyavu, siku ameifunga. Ukimwambia arudi majini, hujamwambia avue tu. Umemwambia akirudi aoshe tena, na hajalala tangu jana." Akageuza samaki upande wa pili. "Juzi nilikuwa nimeshaosha karai, mtoto wa jirani akaja na hela yake, anataka samaki mmoja wa bibi yake. Nikamwambia nimefunga. Usiku ndipo nyavu zikanijia."

"Sasa umeamuaje?"

"Leo karai naliacha kwanza mpaka giza liingie."

Siku nne alikuwa nalo, neno moja. Hakuna aliyemtumia wazo lile, na simu yake ni ya kupiga na kupokea tu. Aliliona kwa sababu kazi yake inajua maana ya kuosha chombo ukiwa umechoka, na kwa sababu hakuharakisha kulitema. Maelezo ya wataalamu juu ya Ziwa Genesareti nayapenda na nayahitaji. Lakini karai lile lisingetoka katika maelezo ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo tutenganishe. Neno la siku ni andiko lenyewe, fupi, unalopewa asubuhi uondoke nalo. Desturi hiyo ina historia yake: tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf, kiongozi wao, aliwapa Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, neno la kuishi nalo siku inayofuata, na neno la namna hiyo likawa likipelekwa nyumba kwa nyumba. Kuanzia mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yakachapishwa kitabuni, na mpaka leo yanachapishwa. Kilichopelekwa mlangoni kilikuwa neno. Kulitafuna ilikuwa kazi ya aliyefungua mlango.

Maelezo ya somo ni kitu kingine: nani anasema, anasema na nani, ilikuwa lini. Homilia ni ya altareni, mchungaji akiwamegea kundi. Ushuhuda ni yale Mungu aliyokutendea wewe. Vyote ni vyema, na vyote vinaweza kutumwa. Kutafakari ndiko kunakobaki baada ya vyote hivyo, na hakuna wa kukufanyia.

Hasara ya kuvichanganya naiona zaidi kwenye Yeremia 29:11, mstari unaotumwa pengine kuliko yote: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Huja na maneno chini yake kwamba mwaka huu ni wako, kazi unaipata, nyumba unahamia. Anayepokea anaitikia Amina, basi. Angelirudia kinywani siku mbili tu angejiuliza hawa "ninyi" ni akina nani. Angerudi nyuma mstari mmoja akute miaka sabini. Ni barua kwa watu waliohamishwa kwa nguvu hadi Babeli, na kwa mtu mzima aliyeisikia siku ile, miaka sabini ilikuwa na maana kwamba yeye mwenyewe harudi. Angepanda tena hadi mstari wa 5 akute Mungu anawaambia watu hao wajenge nyumba na wapande bustani huko huko ugenini. Mwenye kibarua asichokipenda, katika mji asioutaka, ana mengi ya kutafuna hapo kuliko kwenye ahadi ya kuhama. Lakini hayapati, kwa sababu aliyemtumia amekwisha kummalizia.

Simwombi mtu aache kutuma. Nyumba nyingi huamka na neno la Mungu kwa sababu shangazi fulani hachoki kulituma, na yangu ni mojawapo. Naomba tu, ndugu unayetuma, juu yake uandike "Neno la leo" au "Maelezo ya Injili", kadiri lilivyo, na ukiweza uache swali moja bila jibu. Nasi tunaopokea, tusiseme tumeshafanya tafakari kwa sababu tumefika mwisho wa ujumbe.

Na wewe uliyeniuliza kazini saa nne ile, nakurekebishia jibu langu. Maelezo nimeyasoma, ni mazuri. Kutafakari bado, nipo Luka 5 mstari wa 2, vyombo viwili viko kando ya ziwa na wenyewe wameshashuka.