Je, wajua ni nini hasa kinachoishikilia kompoziti, ile plastiki ya rangi ya jino wanayojengea jino lililovunjika, isidondoke?

Mdogo wangu wa kike alivunjika ncha ya jino la mbele akiwa kidato cha pili, mpira wa netiboli ulimpiga usoni akaanguka vibaya, kipande chenyewe hatukukiona tena. Kwa miezi kama minne hakucheka bila kuweka kiganja mdomoni, na picha zote za kipindi kile kafunga mdomo. Tukampeleka kliniki moja wakamjengea jino kwa hii kitu wanaita bondingi, likapendeza sana, yaani unakaa naye meza moja na huoni tofauti, halafu siku ya tisa, anakula muhogo wa kuchoma, akaja chumbani kwangu kashika kitu kidogo cheupe kwenye kiganja. "Kaka, limetoka."

Kliniki ya pili wakalijenga upya, na kompoziti ya aina ile ile, na sasa hivi ni mwaka wa tano lipo. Safari hii niliomba nikae ndani niangalie, dokta akaniruhusu, na nilichokiona pale ndo kimenifanya niandike, maana wengi tunadhani siri iko kwenye gundi, kwamba huyu ana gundi nzuri na yule ana gundi mbaya. Kumbe kazi kubwa inafanyika kabla hata ya gundi kufunguliwa.

Hebu mfikirie fundi baiskeli anayeziba pancha. Anayejua kazi hachukui kiraka akabandika tu. Anaitoa tyubu, anaifuta ikauke, anapakwaruza pale penye tundu kwa msasa mpaka ule mng'ao wa mpira uishe, anapaka solusheni, anaipuliza kidogo, ndo kiraka kinakuja mwisho. Akiruka kukwaruza, au tyubu ikiwa na maji, hiyo baiskeli hufiki nayo mbali. Jino nalo ni hivyo hivyo, ila msasa wake ni tindikali.

Tabaka la nje la jino, enameli, ndo kitu kigumu kuliko vyote kwenye mwili wa binadamu, kinashinda hata mfupa, karibu asilimia 96 yake ni madini matupu. Na ni laini kama kigae, kwa hiyo ukipaka kitu juu yake hakina pa kushika. Ndo maana zamani dokta akitaka kuziba jino ilibidi achimbe tundu jembamba mdomoni na pana tumboni, kama kibuyu, ili kile anachojaza kibanwe kisitoke. Sasa ncha ya jino la mbele utachimba kibuyu wapi?

Aliyefungua njia ni Mmarekani mmoja anaitwa Michael Buonocore, daktari wa meno aliyekuwa anafanya utafiti Rochester, New York. Alijua viwandani wanaosha chuma kwa asidi ya fosforiki kabla ya kupiga rangi ili rangi ishike, akajiuliza kwa nini jino lisifanyiwe hivyo. Akabandika matone ya plastiki kwenye meno ya watu, mengine kayapaka asidi kwanza, mengine hakuyapaka. Yale ambayo hayakupakwa yalidondoka baada ya saa kama 11 kwa wastani, na yaliyopakwa yakakaa zaidi ya saa 1000, hapo unazungumzia siku 40 na ushee! Alichapisha hayo mwaka 1955. Yeye alitumia asidi ya asilimia 85 kwa sekunde 30, siku hizi inatumika ya asilimia kama 37, na kompoziti zenyewe zikaja baadaye kidogo, kutokana na kazi ya Rafael Bowen, Mmarekani pia, aliyetengeneza utomvu wa plastiki unaochanganywa na unga wa kioo laini sana. Kwa hiyo hicho unachobandikwa ni plastiki na kioo, na ndo maana kinapitisha mwanga kidogo kama jino lenyewe, hakionekani kama chokaa.

Sasa asidi inafanya nini? Enameli imejengwa kwa vijiti vyembamba mno vilivyosimama bega kwa bega, na asidi inavila kwa kiwango tofauti, hapa zaidi, pale kidogo, mpaka baada ya sekunde 15 hadi 30 ule uso laini unabaki na vishimo visivyohesabika ambavyo jicho haliwezi kuviona. Gundi ikipakwa ikiwa bado majimaji inazama humo ndani, ikigandishwa inageuka vidole elfu kwa maelfu vilivyojikita kwenye jino. Hakuna uchawi wa kunata hapo, ni kung'ang'ania.

Kwa mdogo wangu ilikuwa jeli ya bluu kwenye bomba la sindano. Dokta akaipaka pale ukingoni, akahesabu, akaosha kwa maji muda mrefu, akakausha kwa upepo, halafu akampa kioo. Sehemu ile ilikuwa imepauka nyeupe kama chaki, mng'ao wote umekwisha, na jino lililobaki linang'aa kama kawaida. "Unaona hapa palipofifia? Hapa ndo patashika. Hapa panapong'aa hapashiki kitu." Akachukua kioo, akasema, "Sasa kuanzia hapa mdomo usifunge, na ukitaka kumeza mate inua mkono."

Hapo mdogo wangu akanigeukia kwa macho, na nilielewa baadaye kwa nini. Kule kwa kwanza, baada ya jeli kuoshwa, walimwambia ateme mate, akatema, akafunga mdomo, akafungua tena, ndo wakaendelea kupaka. Yaani vile vishimo vyote vilijaa mate kabla gundi haijafika. Mate yana protini zinazotanda juu ya jino papo hapo, na ukishachafua uso uliotengenezwa kwa asidi inabidi urudie hatua, siyo kufuta tu. Huyu wa pili alitumia karatasi ya raba yenye matundu, meno yanachomoza, mdomo wote uliobaki unakuwa nyuma ya raba. Haina raha kuivaa, taya linachoka, lakini ukiona dokta wako anahangaika nayo ujue anakuhangaikia wewe. Wapo wanaofanya vizuri kwa pamba na bomba la kunyonya mate pia, cha muhimu ni ukavu. Na ni kwa sababu hiyo hiyo mtu mwenye fizi zinazotoka damu anaambiwa aondolewe ukoga kwanza, arudi fizi zikipona, siyo kwamba anazungushwa.

Kuna jambo moja linafanyika mapema kabisa ambalo mtu anaweza kulidharau, kuchagua rangi. Dokta ana kibao chenye vijimeno vya sampuli, A1, A2, A3, B1 na kuendelea, anavilinganisha na jino lako likiwa bado na unyevu. Jino likikauka linapauka na kuonekana jeupe kuliko lilivyo, kwa hiyo akichagua rangi nusu saa baada ya kulikausha, kesho jino lako litarudi rangi yake na kompoziti itabaki nyeupe peke yake kama kiraka. Wengine wanabandika punje ndogo ya kompoziti juu ya jino bila asidi, wanaigandisha, wanaangalia, halafu wanaibandua kwa ukucha wa chuma. Ni dakika mbili tu na zinaokoa mengi.

Halafu ile taa ya bluu. Kompoziti inatoka ikiwa laini kama ngano iliyokandwa, inaweza kukaa hivyo kwa dakika kadhaa dokta akiichonga, ikipigwa mwanga wa bluu sekunde 20 hivi inakuwa ngumu. Kinachoshtuka kwa mwanga huo mara nyingi ni unga wa njano uitwao kamfokwinoni, na nilipojua unatokana na kafuri nilifurahi, kafuri hii hii ambayo mababu wa pwani wanaijua vizuri. Inanyonya mwanga wa bluu, inaamsha molekuli za utomvu zishikane mikono. Ndo sababu ya miwani ya rangi ya chungwa, inazuia bluu isiumize macho, na wewe mgonjwa usiikodolee taa.

Mwanga haufiki mbali ndani ya kompoziti, na ikiganda inasinyaa kidogo, asilimia 2 au 3 hivi ya ujazo wake. Ukiweka bonge kubwa mara moja, ndani linabaki bichi na kingo zinavutwa kutoka kwenye jino. Kwa hiyo inajengwa tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2 hivi, weka, chonga, piga taa, weka tena. Kwa mdogo wangu nilihesabu tabaka nne kwa ncha ndogo vile. Mwishoni akaambiwa ang'ate karatasi ya rangi, tafuna tafuna, peleka mbele, peleka pembeni, pale palipoachwa doa kubwa pakapunguzwa. Usione aibu kusema "dokta bado napasikia kama parefu", maana jino linalogonga kabla ya mengine ndo linalovunjika.

Kwa wenzetu wa Arusha, Kilimanjaro, na upande wa Kenya kule Nakuru na Naivasha, habari hii ina uzito wake. Maji ya Bonde la Ufa yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi nyingi, sehemu nyingine inapita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka, na mtoto anayeyanywa wakati meno bado yanatengenezwa chini ya fizi yanatoka na madoa ya kahawia. Siyo uchafu na siyo kutopiga mswaki, na inaniuma kuona mtu mzima anafundishwa kupiga mswaki kwa madoa aliyoyapata utotoni kwa maji ya kijijini kwao. Mswaki hauyatoi kwa sababu yako ndani ya enameli. Kompoziti inaweza kuyafunika, ila enameli iliyojaa floridi ni mkaidi kwa asidi, hailiki kirahisi, kwa hiyo mara nyingi dokta anakwangua kidogo uso wa juu kwanza au anaacha asidi muda mrefu zaidi. Ukienda, mwambie umekulia wapi. Na kama madoa ni ya juu juu, kukwangua na kung'arisha peke yake kunaweza kutosha.

Wengine wanaenda kuziba mwanya. Inawezekana, meno mawili yanaongezwa pembeni kidogo kidogo mpaka yakutane, na kwa kuwa hakuna kinachokatwa mara nyingi hata ganzi haihitajiki, tofauti na vinia za kauri, yaani vigamba vyembamba vinavyobandikwa mbele ya jino, ambazo kwa kawaida jino linapunguzwa kwanza na halirudi tena. Lakini mwanya kwetu ni uzuri, bibi zetu walisifiwa kwa mwanya, kwa hiyo kabla hujauziba jiulize ni wewe unayeuchukia au ni simu. Dokta alimuuliza mdogo wangu kama amzibie na wake kwa kuwa yuko pale pale, akatikisa kichwa nyuma ya raba.

Kuhusu muda, tegemea miaka mitano hadi kumi ikifanywa vizuri, na pungufu ya hapo kama unasaga meno usiku au unafungua soda kwa meno. Kauri inadumu zaidi na haishiki rangi, kompoziti inashika, chai ya rangi, kahawa, manjano na sigara vinaipaka taratibu. Nyingine ni kwamba dawa za kung'arisha meno haziibadilishi kompoziti, kwa hiyo anayetaka meno meupe aanze na kung'arisha, asubiri wiki mbili hivi kwa sababu oksijeni ya dawa hiyo inayobaki kwenye jino inazuia gundi kuganda, halafu ndo ajengewe kwa rangi mpya. Na likitoka usibandike kwa supa glu nyumbani tafadhali, inaunguza fizi na inampa dokta kazi ya kuikwangua kabla hajaanza yake.

La mdogo wangu mwaka jana lilianza kuonyesha mstari mwembamba wa kahawia pale kompoziti inapokutana na jino, ni mtu wa chai sana. Tukarudi kwa dokta yule yule. Hakubomoa kitu, alipitisha visahani vidogo vya msasa, kimoja kikali, kinachofuata laini, akaongeza punje kwenye kona iliyolika, taa, karatasi ya rangi, tafuna tafuna. Dakika 20 hazikufika, na tulipotoka nje akaomba simu yangu ajipige picha.