Kabla Barua ya Uteuzi Haijafika: Dhana Potofu Kuhusu Kazi ya Mwalimu Mkuu

Walimu vijana wanaotamani kuwa walimu wakuu hunifuata baada ya vipindi. Nimeshika chaki miaka mingi na kiti kile nimekikalia, kwa hiyo nawaeleza nilichokiona. Mara nyingi huanza kwa kuwafutia dhana walizokuja nazo.

Dhana: Anayefaulisha sana ndiye atakayeongoza vizuri.

Ukweli: Darasani unaongoza watoto wanaosimama ukiingia. Ofisini unaongoza watu wazima: huyu anauguza mzazi, yule uhamisho wake umekwama, mwingine anakuzidi umri na alikufundisha kazi. Kijana mmoja niliyemlea, hodari wa Hisabati, alikaimu kwa mwezi mmoja. Kila andalio la somo lenye kasoro aliliandika upya mwenyewe. Wiki ya tatu wenzake wakaacha kuandika kabisa. Si yupo wa kuwaandikia? Nikamwambia aingie kwenye kipindi cha mwenzake, akae nyuma, atoke na jambo moja tu la kumwambia. Alirudi na kumi na moja! Ilimchukua muhula mzima kufika kwenye moja, na siku hiyo ndipo yule mwenzake aliporudi mwenyewe kuuliza la pili.

Dhana: Fimbo ni ya mwalimu yeyote, mkuu hahusiki.

Ukweli: Hapa Tanzania, kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu chake. Mtoto wa kike huadhibiwa na mwalimu wa kike, ila pale shule inapokuwa haina mwalimu wa kike. Mwalimu wa zamu akichapa mstari mzima wa waliochelewa, mzazi atakuja kugonga mlango wako, si wake. Kwangu mimi fimbo ingebaki kabatini, lakini hata anayeipenda lazima ajue mipaka yake.

Dhana: Ruzuku ikiingia, mkuu anapanga matumizi.

Ukweli: Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imekokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazoelekezwa shuleni; nyingine ni za vitabu. Shule ya watoto 600 inapata 3,600,000, yaani 300,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, mitihani, kitasa kilichovunjika, na choo. Matumizi hupita kwenye kamati ya shule, na muhtasari wa kikao ndio kinga yako siku mkaguzi akija. Ndiyo maana nawapa wanafunzi wangu wa uongozi kazi ya kuandika mihtasari mapema. Wengi huona ni kazi ya karani.

Dhana: Uongozi utafundishwa ADEM, wakala wa serikali unaofundisha uongozi wa elimu, Bagamoyo.

Ukweli: Kozi zake ni nzuri, nenda ukipata nafasi. Ila zamu ya wiki hii ni yako sasa. Kengele ipigwe saa yake, mahudhurio yajazwe kabla ya kipindi cha pili, na mtoto aliyekosekana siku tatu atafutwe nyumbani. Juzi mmoja wa walimu hawa vijana aliniletea daftari la zamu, limejaa vizuri. Nikamuuliza yule wa darasa la nne aliyekosekana tangu Jumatatu yuko wapi. Akachukua pikipiki, akaenda.