Kwa nini musli hutoka motoni laini, kisha hukauka kau ikiwa mezani?

Chai ya saa nne ya Jumapili, ile inayokusanya nyumba nzima baada ya ibada, siku hizi katika baadhi ya nyumba za Mwanza ina bakuli la musli kando ya chapati na viazi vitamu. Kuitengeneza si kazi ngumu: oti, karanga na nazi iliyokunwa huchanganywa na asali, sukari kidogo, mafuta na chumvi kiduchu, kisha hukaushwa kwenye oveni au kwenye sufuria pana juu ya mkaa hafifu, huku ukikoroga. Kinachotatiza hutokea mwishoni. Oti zimeshageuka rangi, jikoni kunanukia, lakini ukionja ni laini tepetepe. Zikikaa tu kwenye sinia, baada ya muda zinavunjika kwa mlio. Nani kazikausha, ilhali moto umezimwa?

Jibu la haraka ni kwamba zilikuwa hazijaiva vizuri, na mvuke uliobaki umetoka zilipokuwa zikipoa. Jibu hili limeunguza karanga nyingi. Mpishi akikuta ulaini huongeza dakika kumi, akionja tena huongeza nyingine, na karanga zinakuwa chungu kabla yeye hajaridhika. Kosa liko kwenye kipimo chenyewe: kitu chenye sukari kikiwa bado cha moto hakiwezi kukuambia ukweli kuhusu ukavu wake. Mvuke kidogo hutoka kweli pale kwenye sinia, lakini sehemu kubwa ya maji ilishaondoka motoni. Na suala la kuiva halipo kabisa, kwa sababu oti zinazouzwa zikiwa bapa zimeshapitishwa kwenye mvuke kiwandani kabla ya kubanwa. Musli ya asili, ya daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zürich, Uswisi, yapata mwaka 1900, haikuona moto: ilikuwa oti zilizolowekwa usiku kucha, maji ya limau, maziwa mazito ya kopo na matufaa mengi yaliyokunwa. Hii yetu ya kukausha kwa asali ina undugu zaidi na granola ya Marekani.

Kinachobadilika kwenye sinia, zaidi ya yote, ni sukari. Aliyewahi kupika kashata za karanga ameshaliona jambo hili kwa macho. Sukari iliyoyeyuka hutiririka. Unaimwaga, unaitandaza, unawahi kuikata, na ukichelewa inavunjika ovyo kisuni. Kati ya kumwaga na kuvunjika hakuna maji ya maana yaliyotoka. Kilichoshuka ni joto. Ikiwa ya moto, molekuli za sukari hupishana na kuteleza. Joto likishuka upesi hazipati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, basi huganda palepale zilipo, shaghalabaghala. Wanasayansi huiita hali hiyo kioo. Punje ya oti nayo imevikwa utando wa namna hiyo, mwembamba kiasi kwamba huuoni, unausikia kwa meno tu. Wanga uliokauka ndani ya oti nao uko katika hali ya kioo, na kwa kweli ndio unaobeba sehemu nzuri ya ule mlio.

Kila sukari ina kiwango chake cha joto cha kuvuka mpaka huo, kati ya kuteleza na kuwa kioo. Sukari ya mezani, ikiwa kavu kabisa, huvuka kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi za Selsiasi. Fruktosi, iliyo nyingi katika asali, huvuka karibu na nyuzi 5 tu, baridi ambayo Mwanza haiijui. Ndiyo maana musli ya asali tupu, hata iwe asali safi ya Tabora, huelekea kunata, na kijiko cha sukari hubadilisha mambo.

Maji nayo hukishusha kiwango hicho, na hapo ndipo ziwa hulaumiwa. Ni kweli kwamba sinia iliyoachwa wazi msimu wa mvua hunyonya unyevu wa hewa. Lakini mara nyingi mchawi yumo ndani ya chupa: zabibu kavu. Zabibu hizo bado zina maji, takriban asilimia 15 ya uzito wake, wakati oti zilizotoka motoni zina asilimia chache. Vikifungiwa pamoja, maji huhama kutoka zabibu kwenda kwenye oti hata kifuniko kikaze vipi, na mwishowe oti hulainika huku zabibu zikiwa ngumu. Ni heri zikutane bakulini, dakika ile mtindi unapomiminwa.

Kipimo cha haki ni kuchota kijiko kimoja rangi inapoanza kuwa ya dhahabu, kukitandaza kwenye sahani baridi na kusubiri dakika tano. Kikivunjika kwa mlio, epua. Kikibaki laini hata baada ya kupoa, basi hapo kweli maji yamo, endelea. Musli iliyolainika kabatini nayo haijaharibika kwa sababu hiyo tu: irudishe kwenye moto mdogo dakika chache, iache ipoe kabisa, ndipo uifunge. Ila zichambue zabibu kwanza, maana zikirudi motoni hutoka kokoto.