Kyoto: mji wa mabasi? Dhana na ukweli

Anayekwenda Kyoto, Japani, mara ya kwanza huambiwa na karibu kila mtu kuwa mji ule ni wa mabasi, hivyo anunue tiketi ya siku nzima na kuzunguka atakavyo. Ushauri huo umechakaa. Tiketi ya siku ya mabasi peke yake iliacha kuuzwa mwaka 2023, jiji likitaka kuwahamishia wageni kwenye treni ili wenyeji nao wapate nafasi. Iliyopo sasa inajumlisha basi na treni ya chini ya ardhi kwa yen 1,100. Nauli ya basi eneo la kati ni yen 230, kwa hiyo kama unapanda mabasi tu, tiketi hiyo haikurudishii fedha mpaka safari ya tano.

Wengine watasema treni za chini ni njia mbili tu, hazifiki popote. Ni mbili kweli: Karasuma, iliyofunguliwa 1981, na Tozai ya 1997. Wanachosahau ni treni za kampuni nyingine: JR (shirika kubwa la reli la Japani), Keihan, Hankyu, na tramu ndogo ya Randen upande wa magharibi. Kwa hekalu la Fushimi Inari, panda treni ya JR ya njia ya Nara kutoka Kyoto Station. Inari ni kituo cha pili, na ukitoka tu, lango la hekalu liko mbele yako. Angalia usipande ile ya haraka, maana hupita Inari bila kusimama. Arashiyama nako, eneo la magharibi mwa mji, JR hukufikisha kwa takriban robo saa, wakati basi bado linapigana na foleni.

Kuna wanaoamini pasi ya JR, ile tiketi ya reli ya watalii, inalipia kila kitu. Hailipii basi la jiji, treni ya chini, wala Keihan. Kadi ya kugusisha, kama ICOCA au Suica, inakubalika kote huko na inakuondolea hesabu za chenji.

Chenji yenyewe ina mtego. Kwenye mabasi mengi ya jiji unapandia mlango wa nyuma na kulipa mbele unaposhuka, na kisanduku cha nauli hakirudishi salio. Vunja noti ya yen 1,000 kwenye mashine iliyo kando ya dereva, ikiwezekana basi likiwa limesimama, kisha utumbukize nauli kamili.

Kutembea kwa miguu ndiko watu hukuogopa bure. Mji ulipimwa mwaka 794 kwa kuiga Chang'an ya China, mitaa ikikatana kwa pembe mraba. Barabara kubwa za mashariki–magharibi zina namba zinazopanda kadiri unavyoelekea kusini: Sanjo ni ya tatu, Shijo ya nne, Gojo ya tano. Milima imezunguka pande zote isipokuwa kusini, basi hata bila ramani unajua umeelekea wapi. Kutoka mtaa wa Gion hadi hekalu la Kiyomizu-dera ni kama dakika ishirini, na siku za msongamano miguu hulishinda basi. Magari hushika kushoto kama Kenya na Tanzania. Cha kuangalia ni baiskeli, nyingine hupita hapo hapo njia ya waenda kwa miguu.

La mwisho: eti Japani hailali. Treni za Kyoto husimama karibu na saa sita usiku. Baada ya hapo ni teksi, na mlango wa nyuma dereva huufungua mwenyewe kutoka kwenye kiti chake, usiuvute.