Athari ya Barnum haiko kwa msomaji wa karata, iko kwa mteja

Panapozungumzwa taroti, zile karata 78 za picha zinazotumiwa kubashiri, athari ya Barnum ni neno ambalo hurushwa kutoka pande zote mbili. Asiyeamini karata husema, "Hiyo ni athari ya Barnum tu," akimaanisha kwamba msomaji wa karata ni tapeli. Msomaji naye hujitetea kwamba yeye haitumii athari hiyo, kwa kuwa hana nia ya kumdanganya mtu. Wote wawili wanalichukulia kama jina la mbinu, kitu ambacho msomaji anaweza kukishika au kukiacha apendavyo. Sivyo. Na kwa anayetaka kusoma karata vizuri zaidi na kumwelewa mtu aliyeketi mbele yake, kosa hili linaumiza kuliko kusahau maana za karata zote 78.

Maana yenyewe ni fupi. Athari ya Barnum ni mwelekeo wa mtu kuyaona maelezo ya jumla, yanayoweza kumfaa karibu kila binadamu, kuwa yanamhusu yeye hasa na kwa usahihi mkubwa, mradi ameamini kwamba yametolewa kwa ajili yake. Basi. Katika maana hiyo hamna hila, hamna nia mbaya, wala hamna karata. Kinachoelezwa ni jambo linalotokea ndani ya usikilizaji wa mtu.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la kupima haiba. Wiki moja baadaye akampa kila mmoja maelezo ambayo alidai yametokana na majibu yake, kisha akawaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kulingana na jinsi yalivyowaeleza wao. Wastani ulikuwa 4.26. Maelezo yote yalikuwa yale yale, neno kwa neno, na sehemu kubwa Forer aliitoa katika kitabu cha unajimu kilichouzwa kwenye kibanda cha magazeti. Yalisema mambo ya namna hii: unatamani kupendwa na watu lakini huwa unajikosoa, kwa nje umetulia, kwa ndani una wasiwasi, una uwezo mkubwa ambao bado hujautumia.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara huishia hapo, kwenye wanafunzi walioingizwa mkenge. Lakini Forer hakuwa akiwacheka wanafunzi. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1949, aliliita jambo hilo kosa la uthibitisho wa mtu binafsi, na kosa lenyewe lilikuwa la mpimaji: kuamini kwamba kipimo ni sahihi kwa sababu tu aliyepimwa amesema, "Ndiyo, huyu ni mimi." Alikuwa akiwaonya wanasaikolojia wenzake, wataalamu waliokuwa wakihesabu kukubali kwa mteja kama ushahidi kwamba kazi yao ni nzuri.

Jina la Barnum lilikuja baadaye. Mwaka 1956 Paul Meehl, naye mwanasaikolojia, aliandika makala ya kulalamikia ripoti za kliniki zilizoonekana kufaulu kwa sababu tu zilisema mambo ya kawaida mno kiasi cha kumfaa mgonjwa yeyote. Akapendekeza tuiite athari ya Barnum, na akaeleza kwamba jina hilo alilipata kwa mwanasaikolojia mwenzake Donald Paterson. P. T. Barnum, aliyeishi kuanzia 1810 hadi 1891, alikuwa Mmarekani mwenye makumbusho na maonyesho ya maajabu, hodari wa kuvuta umati. Hakuwa na uhusiano wowote na jaribio la Forer. Ila jina lake lilikuja na sifa yake, na tangu hapo dhana hii imebeba harufu ya viini macho. Jina alilolitoa Forer halikuwa tamu mdomoni, lakini lilisema ukweli zaidi. Nasisitiza historia hii kwa kuwa inabadilisha anayeonywa. Dhana ilizaliwa ndani ya taaluma, ikiwahusu watu waliosoma, wenye vipimo na nia njema. Ikiwa wao walihitaji onyo hilo, msomaji wa karata mwenye moyo safi hawezi kusema halimhusu.

Tena yeye ndiye liliyemlenga zaidi. Mwongo anajua kwamba sentensi yake ni ya jumla. Ameichagua makusudi na hashangai mteja anapoitikia. Mkweli ndiye anayeona mteja ametokwa na machozi na kuhitimisha kwamba amefika mahali fulani kwa uwezo wake. Kesho atairudia sentensi ile ile kwa mtu mwingine, itakubaliwa tena, na imani yake itaota mizizi.

Taroti inaipa athari hii udongo mzuri sana. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia C. R. Snyder alionyesha kwamba maelezo yale yale ya kinajimu hukubaliwa zaidi mtu anapoambiwa yametokana na siku, mwezi na mwaka wake wa kuzaliwa kuliko anapoambiwa ni ya watu wote. Sasa fikiria mteja wa karata. Amezichanga kwa mikono yake, amezikata, amechagua mwenyewe. Karata kumi kati ya 78 zinaweza kupangwa kwa njia zaidi ya trilioni milioni nne, kwa hiyo mpangilio ulio mbele yake huenda haujawahi kutokea mahali popote. Huo ni ukweli, na mteja anauhisi hata bila hesabu. Lakini upekee wa mpangilio hauhamii kwenye maneno. Karata zinaweza kuwa za mtu mmoja tu duniani, na sentensi inayosemwa juu yake ikawa ya kila mtu.

Kisha kuna picha. Karata za taroti zilianza Italia katika karne ya 15 zikiwa za mchezo, na matumizi ya ubashiri yakaenea baadaye, hasa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Zinazojulikana zaidi leo zilichapishwa London na William Rider mwaka 1909. Zilichorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya A. E. Waite, na jambo kubwa alilofanya Smith ni kuzipa hata zile karata ndogo 56 matukio yenye watu, wakati karata nyingi za kabla yake zilionyesha vikombe au mapanga yaliyopangwa tu. Tazama Tano ya Vikombe: mtu aliyevaa joho jeusi, ameinamisha kichwa, vikombe vitatu vimemwagika mbele yake, viwili vimesimama nyuma ya mgongo wake. Picha ya namna hiyo inamwita mtazamaji aingie ndani. Msomaji akisema, "Kuna kitu ulikipoteza na bado unakiangalia," mmoja anamkumbuka mama yake, mwingine anaikumbuka kazi, wa tatu anakumbuka rafiki waliyekosana. Sentensi ni kama vazi pana lisilo na kipimo: humkaa kila mtu, kwa sababu kila mvaaji hulifunga mkanda mwenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, kwenye kufunga mkanda. Wasomaji wengi wa karata husikia "ndiyo" ya mteja na kusonga mbele kwenye karata inayofuata, wamefarijika kwamba wamepata. Wameacha kitu cha thamani mezani. Mteja ametoka tu kufanya kazi kubwa: kati ya mambo yote aliyowahi kuyapoteza, amechagua moja. Uchaguzi huo ni wake na ndio habari ya kweli katika kikao chote. "Ndiyo" yake haisemi chochote kuhusu uhodari wa msomaji. Inachosema ni kwamba kuna jambo limekaa karibu na uso wa moyo wake, likingoja kuitwa. Msomaji anayeijua athari ya Barnum kwa maana yake halisi hujua mahali pa kunyamaza na kuuliza.

Kuna mkanganyiko mwingine unaofuata huu. Watu huita athari ya Barnum kila namna ambayo msomaji anaweza kupatia bila miujiza. Lakini kuzisoma dalili za mtu ni jambo tofauti kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Berlin kulikuwa na farasi aitwaye Hans, wa Wilhelm von Osten, aliyejibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alibaini kwamba Hans alishindwa karibu kila mara muulizaji alipokuwa hajui jibu au alipokuwa haonekani. Farasi alikuwa akifuata miondoko midogo ya kichwa na mwili, ambayo waulizaji wenyewe hawakujua kwamba wanaitoa. Hakuna aliyedanganya. Msomaji wa karata anaweza kufanya vivyo hivyo: akaona pumzi ya mteja imebadilika Nane ya Mapanga ilipofunuliwa, akabadilisha mkondo wa maneno yake, kisha akasema kwa dhati kabisa kwamba ni hisia tu zilimwongoza.

Tofauti ni hii: katika kusoma dalili, habari hutoka kwa mteja na kuingia kwa msomaji, na kinachosemwa kinaweza kuwa mahususi kweli. Katika athari ya Barnum, msomaji hajapokea habari yoyote. Mteja amejaza mwenyewe. Moja ni ustadi unaoweza kunolewa. Nyingine ni hali ya kuijua na kuichunga, maana huwezi kumzuia mtu asijione katika maneno mapana. Anayeziita zote kwa jina moja hawezi kujua anaendelea au amesimama palepale.

Kipimo cha kuzitenganisha ni kubadilishana. Chukua uliyomwambia mteja wa asubuhi na uyapeleke, kwa mawazo, kwa mteja wa jioni. Je, kuna sentensi ambayo huyu wa jioni angeikataa? Kama hakuna, basi ulichopata asubuhi ni uthibitisho wa Forer, hata kama mteja aliondoka akikushukuru kwa machozi. "Umepitia kipindi kigumu" itapita kwa wote wawili. "Nadhani kuna mtu aliyejitolea kukusaidia, na hujamjibu" inaweza kukataliwa, na ndiyo maana ina faida. Mteja akisema "hapana, sivyo," msomaji mzuri hapaswi kukimbilia kuiokoa karata kwa kusema kwamba inahusu jambo lijalo, au jambo ambalo mteja bado hajalitambua. Aiache ianguke. Ile "hapana" ndiyo mara ya kwanza kikao kimemfundisha kitu.

Ray Hyman, mwanasaikolojia Mmarekani, alisoma viganja alipokuwa kijana, na kwa kuwa wateja waliridhika sana, akaanza kuamini kwamba mistari ya mkono husema kweli. Stanley Jaks, aliyekuwa akifanya maonyesho ya kusoma mawazo, akamshauri ajaribu kuwaambia wateja kinyume kabisa cha mistari ilivyoonyesha. Hyman alifanya hivyo. Wateja waliridhika vilevile. Simwelezi Hyman hapa ili kumkatisha mtu tamaa ya karata. Namweleza kwa sababu alikuwa mwaminifu kiasi cha kukipima kitu alichokipenda, na alikipima kwa njia pekee inayofaa: aliacha kuhesabu nyuso zilizofurahi.

Kwa anayejifunza, hilo lina matokeo ya kila siku. Maoni ya mteja baada ya kikao si mizani nzuri. Amelipa, amekaa nawe peke yake, umemsikiliza kwa makini kuliko watu wengi anaokutana nao. Adabu peke yake inatosha kumfanya aitikie. Mizani iliyo bora ni kuandika, kabla hajafungua mdomo, unachodhani karata zinasema, kwa maneno yanayoweza kuwa na makosa, kisha kulinganisha. Au kumwuliza anachokiona kwenye picha kabla hujaitaja maana, ili picha yake isifunikwe na yako. Kama amekuja na ugonjwa, kesi au mawazo ya kujidhuru, hapo hakuna mpangilio wa karata unaotosha, na kukubali kwake kila unachosema kunapaswa kukutia wasiwasi na kukufanya umwelekeze kwa mwenye taaluma hiyo.

Kwa hiyo, kwa upande wa wanaopinga: ukisikia mtu amesomewa karata na kuguswa, usiseme amefanyiwa athari ya Barnum. Hakuna anayefanyiwa. Huenda ilimtokea, kama inavyotutokea sisi sote tunaposoma matokeo ya vipimo vya haiba au ripoti ya tathmini ya kazi. Na kwa wasomaji wa karata: usiseme hujawahi kuitumia. Mteja akikuambia, "Umenisoma mimi kabisa," mwulize kwa upole ni sentensi ipi hasa, na alikuwa akimfikiria nani alipoisikia.